Moyo kama Tezi: Namna Homoni za Moyo Zinavyozituliza Homoni Nyingine

Makala haya yanakusudia kueleza kwa Kiswahili jambo moja la elimu ya mwili ambalo wanafunzi wa uganga hapa kwetu Lualaba hufundishwa kwa Kifaransa, hulijibu katika mtihani kwa Kifaransa, kisha hutakiwa kulisema kwa Kiswahili siku ile wanapoketi mbele ya mgonjwa. Jambo lenyewe ni kwamba moyo si pampu tu, bali ni tezi pia. Moyo hutengeneza homoni zake wenyewe, huzimwaga katika damu, na homoni hizo huzifikia homoni za figo, za tezi zilizo juu ya figo na za ubongo, zikazipunguza nguvu. Mwandishi ni mtu wa isimu wala si mganga. Hata hivyo, suala la istilahi, ambalo ndilo letu, haliwezi kujadiliwa kwa haki kabla ya jambo lenyewe kueleweka. Kwa hiyo msomaji atuvumilie ikiwa tutakaa kwenye moyo na figo kwa muda mrefu kuliko ilivyo desturi ya jarida hili.

Neno na kinyume chake

Neno homoni lilitolewa hadharani na Ernest Starling, mwanafiziolojia wa Uingereza, katika mihadhara aliyoitoa London mwaka 1905. Miaka mitatu kabla ya hapo, yaani mwaka 1902, yeye na mwenzake William Bayliss walikuwa wameonyesha kwamba utumbo mwembamba hutoa kitu fulani kinachosafiri kwa njia ya damu hadi kwenye kongosho na kuiamuru itoe majimaji yake, hata pale neva zinapokuwa zimekatwa. Ilidhihirika basi kwamba viungo vya mwili vinaweza kupelekeana habari bila neva. Wajumbe wa namna hiyo walihitaji jina, na Starling alilichukua kutoka kitenzi cha Kiyunani chenye maana ya kuchochea au kutia mwendo. Tangu siku hizo kila mjumbe wa damu amebeba jina hilo la mchochezi, hata yule asiyechochea lolote.

Msomaji alishike jambo hili, kwani kazi kubwa ya homoni za moyo ni kinyume cha jina hilo. Kazi yao si kuchochea bali kutuliza.

Tuongeze kwamba Starling huyohuyo ndiye anayekumbukwa kwa sheria ya moyo: kadiri misuli ya moyo inavyotanuliwa na damu inayoingia, ndivyo inavyosukuma kwa nguvu zaidi. Alikuwa ameyashika yote mawili, homoni kwa mkono mmoja na kutanuka kwa moyo kwa mkono wa pili. Alifariki mwaka 1927 bila kujua kwamba kule kutanuka ndiko kunakoufanya moyo utoe homoni.

Ugunduzi uliokawia

Dalili zilikuwepo mapema. Mwaka 1956 Bruno Kisch, akitumia darubini ya elektroni, aliona ndani ya seli za vyumba vya juu vya moyo wa simbilisi vidonge vidogo vyeusi vya duara ambavyo hakuna aliyejua kazi yake. Mwaka huohuo J. P. Henry na Otto Gauer, pamoja na mwenzao, waliingiza kipulizo kidogo ndani ya chumba cha juu cha kushoto cha moyo wa mbwa. Walipokipuliza, mbwa alikojoa zaidi. Matokeo hayo yalielezwa kwa njia ya neva, wala haikudhaniwa kwamba moyo wenyewe ulikuwa umetoa kitu. Mwaka 1964 James Jamieson na George Palade walivichunguza vile vidonge katika wanyama mbalimbali wanyonyeshao. Walivikuta katika vyumba vya juu, wala si katika vyumba vya chini, na walikiri kwamba vinafanana sana na vile vya tezi zinazotoa homoni. Kwa miaka mingine kumi na saba hakuna aliyethibitisha vinabeba nini.

Aliyethibitisha ni Adolfo de Bold, Mwargentina aliyekuwa akifanya kazi katika mji wa Kingston, jimbo la Ontario, nchini Kanada. Yeye alikuwa ameona kwamba idadi ya vidonge hivyo katika moyo wa panya hubadilika kufuatana na maji na chumvi anavyopewa panya huyo. Ndipo yeye na wenzake walipozisaga nyama za vyumba vya juu, wakachuja maji yake na kumdunga panya mwingine. Taarifa yao ilitolewa mwaka 1981. Chumvi iliyotoka katika mkojo iliongezeka zaidi ya mara 30, mkojo wenyewe ukaongezeka mara 10, na shinikizo la damu likashuka. Walipofanya vivyo hivyo kwa nyama za vyumba vya chini, hayo hayakutokea. Jaribio lenyewe halikuhitaji vyombo vya ajabu, na kwa maoni yetu huo ndio uzuri wake. Kilichohitajika ni mtu wa kujiuliza kwa nini pampu iwe na ghala ndani ya kuta zake.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Kufikia mwaka 1984 watafiti wa Japani, Kenji Kangawa na Hisayuki Matsuo, walikuwa wameusoma mpangilio wa homoni hiyo katika binadamu: ni mnyororo mfupi wa asidi amino 28. Mwaka 1988 kundi hilohilo lilipata homoni ndugu yake, yenye asidi amino 32, katika ubongo wa nguruwe, na kwa sababu hiyo ikapewa jina la ubongo. Baadaye ilionekana kwamba chemchemi yake kubwa ni vyumba vya chini vya moyo. Jina halikubadilishwa. Ndugu wa tatu, aliyepatikana mwaka 1990, hutoka zaidi katika ubongo na katika utando wa ndani wa mishipa ya damu, na hatutamshughulikia hapa.

Moyo husema na nani?

Ili kuielewa kazi ya homoni hizi, yatupasa kuufahamu kwanza mnyororo zinaoukabili. Mwili wa binadamu unauogopa ukavu kuliko unavyoyaogopa mafuriko. Damu inapopungua au shinikizo lake linaposhuka, figo hutoa renini. Renini hukata kipande cha protini inayotengenezwa na ini. Kipande hicho hukatwa tena na kimeng'enya kinachopatikana kwa wingi katika mapafu, na hapo ndipo inapopatikana anjiotensini ya pili, ambayo ndiyo yenye ukali. Huibana mishipa ya damu. Huziamuru tezi za juu ya figo kutoa aldosteroni, homoni inayoifanya figo iishike chumvi isitoke. Huamsha kiu. Aidha, husaidia kutolewa kwa vasopresini, homoni ya ubongo inayozuia maji yasipotee katika mkojo. Chumvi ikibaki mwilini, maji nayo hubaki.

Mnyororo huu ni mzuri kwa mtu aliyejeruhiwa, kwa mwenye kuhara na kwa anayetokwa na jasho siku nzima. Lakini mlinzi asiyejua kulala huwa mzigo kwa mwenye nyumba. Lazima awepo wa kumwambia kwamba inatosha, na moyo umewekwa mahali pafaapo kwa kazi hiyo, kwa kuwa damu yote ya mwili lazima ipite kwake.

Damu nyingi inaporudi kifuani, kuta za vyumba vya juu hutanuka, na kule kutanuka ndiko kunakovifanya vile vidonge vifunguke. Homoni ya vyumba vya juu huwa imekwisha kuwekwa akiba, hivyo hutoka papo hapo. Ile ya vyumba vya chini hutengenezwa zaidi pale inapohitajiwa, na huongezeka moyo unapokuwa katika taabu ya muda mrefu. Zote mbili hufika kwenye seli zenye vipokezi vyake, hukaa juu ya ngozi ya seli bila kuingia ndani, na kule ndani huzalishwa mjumbe wa pili anayeendeleza amri.

Zinapofika kwenye figo, huongeza damu inayochujwa na kuiachia chumvi itoke. Papo hapo huzipunguza seli zinazotoa renini. Hiyo ndiyo homoni ya kwanza kutulizwa, na kwa kuwa iko kwenye kichwa cha mnyororo, kila kinachofuata hulegea nayo.

Ya pili ni aldosteroni, nayo hutulizwa mara mbili. Mara ya kwanza ni kwa sababu renini imepungua, hivyo anjiotensini ya kuichochea ni chache. Mara ya pili homoni za moyo zenyewe hufika kwenye tezi za juu ya figo na kuzizuia seli zisiitoe kwa wingi, hata kama anjiotensini bado ipo. Tunalikazia jambo hili la mara mbili kwa sababu linaonyesha kwamba moyo hauungojei mnyororo ulegee kiungo kwa kiungo, bali hukata na katikati.

Ya tatu ni vasopresini, ambayo kutolewa kwake hupunguzwa, na kiu hupungua pamoja nayo. Mishipa ya damu nayo hulegea, na zile neva zinazoleta hali ya kukimbia au kupigana hupunguziwa sauti. Adui wa homoni za moyo, tukitumia lugha hiyo, ni mmoja: anjiotensini ya pili pamoja na jamaa zake wote.

Inapasa tuseme pia kwamba mazungumzo haya si ya upande mmoja. Homoni ya tezi ya shingo huufanya moyo utengeneze homoni zake kwa wingi zaidi, na kortisoli vilevile. Hata anjiotensini, na endothelini inayotoka katika utando wa mishipa, huuchochea moyo kutoa kile kitakachozipinga. Wanawake huwa na kiasi kikubwa zaidi cha homoni hizi kuliko wanaume wa umri wao. Watu wanene huwa nazo kidogo kuliko wembamba, jambo linalofikirika kuwa sehemu ya sababu ya shinikizo la damu kuwaandama. Kwa upande mwingine, homoni za moyo hufika hadi kwenye seli za mafuta na kuzifanya ziyayushe akiba yake ili itumike, jambo lililoonyeshwa na watafiti wa Toulouse mwaka 2000. Si homoni za chumvi na maji tu, ingawa huko ndiko nguvu zake zilipo.

Ujumbe wenyewe haudumu. Homoni ya vyumba vya juu huishi dakika chache tu katika damu. Kuna kimeng'enya kiitwacho neprilisini kinachoikatakata, na kuna kipokezi cha aina ya pekee ambacho kazi yake ni kuimeza na kuiondoa. Mwili, kama ilivyo kwa uongozi wenye busara, hauachi amri ya jana iendelee kutawala leo.

Mtu mzima na mtu mgonjwa

Msomaji anaweza kuyaona haya yote bila maabara. Mchimbaji anayeshinda shimoni hapa Kolwezi katika mwezi wa Oktoba, kabla mvua hazijakaza, hupoteza maji na chumvi kwa jasho. Damu inayorudi kifuani hupungua, vyumba vya juu havitanuki, moyo hunyamaza. Moyo ukinyamaza, renini, aldosteroni na vasopresini hupanda, ndipo mkojo wake unapokuwa kidogo na wa rangi nzito. Kinyume chake ni mtu anayeingia katika ziwa Nzilo mpaka shingoni. Uzito wa maji huisukuma damu kutoka miguuni na tumboni hadi kifuani, vyumba vya juu hutanuka, na baada ya muda mfupi anatamani kukojoa ingawa hakunywa tone. Mwili umedanganyika kwamba una maji mengi.

Jambo hilohilo, likiwa katika sura ya ugonjwa, humpata mzee mwenye moyo uliochoka. Mchana kutwa maji huteremkia miguuni, viatu humbana. Usiku anapolala, maji hayo hurudi kifuani, na sehemu ya sababu ya kuamka mara tatu au nne kwenda kukojoa ni hizi homoni za moyo zinazotii kule kutanuka. Watu wa nyumbani husema kibofu chake kimeharibika, kumbe chanzo kiko kifuani.

Hapa ndipo penye kitendawili ambacho wanafunzi hukiuliza kila mara. Ikiwa homoni za moyo hutoa chumvi na maji, mbona mwenye moyo ulioshindwa kazi huvimba? Je, homoni zake zimekauka? La. Zimejaa tele. Ni nyingi kiasi kwamba tangu mwanzo wa karne hii kupima homoni ya vyumba vya chini katika damu kumekuwa njia mojawapo ya kumtambua mgonjwa wa moyo miongoni mwa watu wanaolalamikia pumzi. Lakini moyo uliochoka hausukumi damu ya kutosha, figo huona kama mwili umekauka, na mnyororo wa renini huamka kwa nguvu zote. Homoni za moyo hupiga kelele, na figo haizisikii tena kama zamani. Aidha, sehemu ya homoni inayopimwa huwa haijakatwa ikakamilika, hivyo wingi wake katika karatasi ya maabara si wingi wa nguvu. Sikio la kufa halisikii dawa, hata dawa hiyo ikitoka ndani ya mwili wenyewe.

Uganga umejibu kwa njia mbili, na zote mbili zinaeleweka kwa aliyefuata maelezo ya hapo juu. Njia ya kwanza ni kumdhoofisha mpinzani. Vidonge kama kaptoprili na enalaprili huzuia kupatikana kwa anjiotensini ya pili, na spironolaktoni huziba mahali pa kazi pa aldosteroni. Utafiti mkubwa uliotangazwa mwaka 1999 ulionyesha kwamba spironolaktoni, kidonge cha zamani kisicho cha bei kubwa, iliwapunguzia wagonjwa wenye moyo uliochoka sana hatari ya kufa kwa asilimia 30. Hutakiwa damu ya mgonjwa ipimwe mara kwa mara, kwani potasiamu inaweza kupanda mno. Njia ya pili ni kuirefushia maisha homoni ya moyo yenyewe kwa kukizuia kile kimeng'enya kinachoikatakata. Dawa ya namna hiyo, inayounganisha sakubitrili na valsartani, ilijaribiwa kwa wagonjwa zaidi ya 8,000, na matokeo yalitangazwa mwaka 2014: vifo vya moyo na kulazwa hospitalini kwa sababu ya moyo vilipungua kwa asilimia 20 kuliko kwa waliotumia enalaprili. Ni ushindi usiopingika, lakini ni wa gharama.

Jambo hili si la wazee wa Ulaya peke yao. Utafiti uliofanywa katika nchi tisa za Afrika, zikiwemo Kenya na Uganda, na kutangazwa mwaka 2012, uliwafuata wagonjwa 1,006 waliolazwa ghafla kwa moyo kushindwa kazi. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 52. Chanzo kikubwa hakikuwa kuziba kwa mishipa ya moyo kama ilivyo Ulaya, bali shinikizo la damu, yaani ile inayoitwa mitaani kwetu tansio. Watu wa miaka 52 bado wana watoto shuleni.

Kobalti

Haiwezekani kuandika juu ya moyo tukiwa Kolwezi bila kuitaja kobalti. Mji huu ulianzishwa na Union Minière mwaka 1937 kwa ajili ya shaba, lakini leo jina lake hutajwa duniani zaidi kwa kobalti. Zaidi ya nusu ya kobalti yote inayochimbwa ulimwenguni hutoka Kongo, na sehemu kubwa ya hiyo ni ya Lualaba.

Kobalti kidogo sana ni ya lazima, kwani imo ndani ya vitamini B12. Ikizidi, huwa mwongo mkubwa mbele ya homoni. Katika miaka ya 1950 waganga waliitumia kuwatibu wenye upungufu wa damu. Kobalti huzifanya seli zidhani kwamba hewa ya oksijeni imepungua, figo zikatoa homoni ya eritropoyetini, na uboho wa mifupa ukatengeneza chembe nyekundu kwa wingi. Damu iliongezeka kweli. Lakini baadhi ya watoto waliotibiwa hivyo waliota rovu, kwa kuwa kobalti huizuia tezi ya shingo isichukue iodini.

Kisha ikaja habari ya Quebec. Kati ya mwaka 1965 na 1966 wanywaji wakubwa wa bia katika mji huo wa Kanada walianza kuugua moyo kwa haraka isiyo ya kawaida. Walikuwa 48, na 20 kati yao walikufa. Ilibainika kwamba watengenezaji walikuwa wakitia chumvi ya kobalti katika bia ili povu lisipotee. Walipoacha, wagonjwa wapya hawakuonekana tena. Tezi za shingo za baadhi ya waliokufa zilionekana zimebadilika pia. Visa vya jinsi hiyo vilionekana Omaha nchini Marekani na Leuven nchini Ubelgiji. La kuzingatiwa ni kwamba kobalti waliyoinywa ilikuwa kidogo kuliko ile waliyopewa wagonjwa wa damu kama dawa. Waganga waliona kwamba pombe na lishe duni, hasa upungufu wa protini na vitamini, viliifungulia kobalti mlango wa moyo. Anayeyajua maisha ya vijana wachimbaji hahitaji kuelezwa kwa nini sentensi hiyo inatuhusu.

Tusiseme zaidi ya tunachokijua. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, wakishirikiana na wale wa Leuven (mji uleule wa bia), walitangaza mwaka 2009 kwamba watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya Katanga wana kobalti nyingi sana katika mkojo. Mwaka 2018 walitangaza habari za Kasulo, mtaa wa hapa Kolwezi ambao wakazi wake walianza kuchimba chini ya nyumba zao mwaka 2014 baada ya madini kuonekana humo. Kobalti katika mkojo na damu ya wakazi hao ilikuwa juu mno kuliko ya watu wa mtaa wa jirani usiochimbwa, na tofauti hiyo ilikuwa kubwa zaidi kwa watoto. Huo ulikuwa uchunguzi wa metali na wa madhara yake kwenye chembe za urithi. Haukuwa uchunguzi wa moyo, na si halali kuutumia kusema kwamba mioyo ya Kasulo imeharibika. Ni halali kusema kwamba mtaa wa namna hiyo unastahili kupimwa moyo na homoni zake, na kwamba hatujui mahali pafaapo zaidi kwa kazi hiyo.

Istilahi

Sasa turudi kwenye lugha. Katika darasa letu la tafsiri tuliwauliza wanafunzi kitenzi gani kifae kueleza kile homoni ya moyo inachoifanyia aldosteroni. Walileta vinne: kuzuia, kukataza, kunyamazisha, kutuliza. Kukataza kuliondolewa mara moja, kwani hukatazwa mwenye masikio na hiari. Kuzuia ni sahihi lakini kunaacha picha ya ukuta, kana kwamba aldosteroni imekwisha kabisa, na mtu ambaye aldosteroni yake imekwisha kabisa yumo hatarini. Kunyamazisha kuna kasoro hiyohiyo. Kutuliza ndiko kunakofaa zaidi, kwa sababu ni kumfanya mwingine atulie. Aliyetulizwa bado yupo hai, nguvu zake anazo, na anaweza kuinuka tena kesho jasho likimtoka mwenye mwili. Kitenzi kimoja cha kufanyiza kimebeba nusu ya fiziolojia ya makala haya.

Jina la kiungo chenyewe lina tatizo la kwetu. Katika Kiswahili cha mitaa ya Kolwezi na Lubumbashi, roho hutajwa mara nyingi pale ambapo Kiswahili sanifu kingetaja moyo. Wapo wanaotaka mwanafunzi amsahihishe mgonjwa. Sisi tunaona hapo si mahali pa kusahihisha. Katika kitabu cha fiziolojia tuandike moyo, na kando ya kitanda tuseme roho ikiwa mgonjwa ndivyo alivyosema, maana hata pwani neno roho limetumika kwa viungo vya mwili: anayemkaba mwenzake roho huwa amemshika koo.

Maelezo kwa mgonjwa aliyeandikiwa spironolaktoni yangeweza basi kuwa mafupi na ya lugha ya nyumbani: «Papa, roho yako imechoka, mayi inabakia ndani. Roho inaambia figo itoshe chumvi, lakini kuko homoni ingine inakatala. Hii dawa inatuliza ile yenye kukatala.» Hakuna neno hata moja hapo ambalo mzee wa Musonoi hatalifahamu, isipokuwa homoni, na hilo hulielewa kwa kulisikia likifanya kazi. Maelezo haya yana faida nyingine: mgonjwa akiona mkojo umeongezeka, hatadhani dawa inamharibu na kuitupa.

Kuhusu majina ya homoni zenyewe, tunapendekeza zisiitwe kwa herufi za Kiingereza wala kwa tafsiri ya neno kwa neno. Ile ya de Bold iwe homoni ya vyumba vya juu, na nduguye awe homoni ya vyumba vya chini. Lugha za Ulaya zimenasa na jina la ubongo kwa sababu tu nguruwe aliyechunguzwa mwaka 1988 alianziwa kichwani. Kiswahili hakina deni hilo, na hatuoni sababu ya kulikopa.